Kutoka Kosa hadi Haki: Historia ya Fidia kwa Wafanyakazi Walioumia Kazini Tanganyika na Tanzania Bara, 1922–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza mabadiliko ya dhima ya mwajiri kwa mfanyakazi aliyeumia kazini katika Tanganyika na Tanzania Bara kwa kipindi cha miaka 100. Hoja kuu ni kwamba historia hii haikuwa safari nyoofu kutoka kutojali hadi kujali. Sheria ya fidia iliyoletwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 iliondoa sharti la kuthibitisha kosa la mwajiri, lakini ilimwachia mwajiri mmojammoja mzigo wa kulipa na iliweka kikomo cha malipo kwa shilingi badala ya kukifungamanisha na mshahara. Mfumo huo ulifika Tanganyika wakati uleule ambapo Uingereza, ulikotoka, ilikuwa ikiuacha. Kasoro zake mbili, yaani dhima ya mtu mmoja na kikomo kilichoganda, ndizo zilizomfanya mfanyakazi wa Tanzania Bara aingie karne ya 21 akiwa na haki iliyoandikwa lakini isiyo na thamani. Insha inaonesha pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umetibu kasoro hizo mbili, lakini umeacha wazi swali la nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi na swali la namna ya kuifanya ajali iwe ghali kwa mwajiri anayeisababisha.

1.0 Utangulizi

Mfanyakazi anapopoteza mkono katika mashine, hasara hutokea papo hapo na haiwezi kurudishwa nyuma. Swali linalobaki ni nani ataibeba. Inaweza kubaki kwa mfanyakazi na jamaa zake, inaweza kuhamia kwa mwajiri, au inaweza kugawanywa miongoni mwa waajiri wote na, kupitia bei za bidhaa, miongoni mwa jamii nzima. Kila sheria ya fidia ni jibu la swali hilo, hata pale ambapo watungaji wake hawakuliuliza waziwazi.

Historia ya kazi katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kupitia migomo, vyama vya wafanyakazi, kodi na uhamaji wa vibarua. Ajali na fidia zimepewa nafasi ndogo, na mara nyingi zimeachiwa wanasheria, ambao huzisoma kama vifungu na siyo kama historia. Insha hii inajaribu kuziunganisha njia hizo mbili. Inajikita katika matini za sheria, mazingira ya kiuchumi yaliyozizaa, na thamani halisi ya kile ambacho mfanyakazi alistahili kulipwa. Kipindi kinachoangaliwa kinaanza mwaka 1922, Tanganyika ilipowekwa rasmi chini ya udhamini wa Uingereza kwa idhini ya Shirika la Mataifa, na kinaishia mwaka 2022, kiwango cha michango ya waajiri wa sekta binafsi kwenye Mfuko kilipolinganishwa na kile cha sekta ya umma. Zanzibar ina sheria zake za fidia na haiingii katika uchambuzi huu.

2.0 Dhana za Msingi: Dia, Fidia na Dhima

Lugha ya Kiswahili ilikuwa na msamiati wa kulipia madhara ya mwili kabla ya sheria ya kikoloni. Katika mwambao, kwa athari ya sheria ya Kiislamu, neno *dia* lilitaja malipo yanayotolewa kwa ndugu wa mtu aliyeuawa, au kwa mtu aliyejeruhiwa, na yule aliyesababisha madhara au jamaa zake. Neno *fidia*, lenye asili ya Kiarabu vilevile, lilibeba maana ya kukomboa, yaani kutoa kitu ili kuziba pengo au kumtoa mtu katika shida. Maneno haya mawili yanakaribiana, lakini tofauti yake inafaa kuzingatiwa. Dia humtafuta mtenda. Bila mtenda hakuna wa kuilipa. Fidia hulitazama pengo lenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mabadiliko yanayojadiliwa hapa. Mfumo wa dhima ya kosa hufanana na dia kwa jambo moja: humdai aliyeumia amwoneshe aliyekosea. Mfumo wa fidia kwa maana ya kisasa hauulizi nani alikosea. Unauliza tu iwapo madhara yalitokana na kazi na yalitokea wakati wa kazi. Katika insha hii, *dhima* inatumika kwa maana ya wajibu wa kisheria wa kubeba hasara, iwe imetokana na kosa au la.

3.0 Asili ya Kanuni: Ujerumani na Uingereza katika Karne ya 19

Tawala mbili zilizoitawala Tanganyika zilikuwa pia nchi mbili zilizotoa mifano miwili mikuu ya fidia duniani. Ni muhimu kuitofautisha.

Nchini Uingereza, kesi ya *Priestley dhidi ya Fowler* ya mwaka 1837 iliweka msimamo uliotawala kwa miongo kadhaa. Kijana aliyefanya kazi kwa muuza nyama aliumia paja baada ya gari la farasi lililozidishiwa mzigo kuvunjika. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100, lakini mahakama ya juu ikamnyima. Kutokana na kesi hiyo ilikua kanuni ya ajira ya pamoja, iliyosema kwamba mfanyakazi hawezi kumdai mwajiri kwa madhara yaliyosababishwa na mfanyakazi mwenzake. Mwajiri alikuwa na ngao nyingine mbili: kwamba mfanyakazi aliikubali hatari alipokubali kazi, na kwamba mfanyakazi mwenyewe alichangia kwa uzembe wake. Ngao hizo tatu kwa pamoja ziliufanya mlango wa mahakama uwe mwembamba mno. Sheria ya Dhima ya Waajiri ya mwaka 1880 iliupanua kidogo, lakini mfanyakazi alibaki na jukumu la kuthibitisha kosa.

Ujerumani ilichukua njia tofauti. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, iliyopitishwa wakati wa Kansela Bismarck, iliwalazimisha waajiri wa viwandani kujiunga katika vyama vya bima kulingana na aina ya shughuli zao. Vyama hivyo vilikusanya michango kwa kuzingatia kiwango cha hatari na kulipa pensheni. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alistahili theluthi mbili za mapato yake. Kosa halikuulizwa, na mfanyakazi hakulazimika kumkabili mwajiri wake mahakamani. Aliyelipa alikuwa chama cha waajiri.

Uingereza iliondoa sharti la kosa mwaka 1897 kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyohusu kwanza shughuli za hatari kama reli, migodi, machimbo na viwanda, kisha ikapanuliwa mwaka 1906. Hata hivyo, mwajiri mmojammoja ndiye aliyebaki mdaiwa. Kama alikuwa na bima, kampuni ya bima ililipa. Kama hakuwa nayo, mfanyakazi alitegemea mfuko wa mwajiri wake. Aidha, sheria iliweka vikomo kwa fedha taslimu: malipo ya kila wiki yasizidi pauni moja, na malipo ya kifo yasizidi pauni 300. Mfano huu wa Kiingereza, wenye mwajiri mmoja anayedaiwa na kikomo kinachotajwa kwa fedha, ndio uliosambazwa katika makoloni.

4.0 Kazi Bila Fidia: Kutoka Enzi ya Wajerumani hadi 1945

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, na ule wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge, kahawa na mpira yalienea katika kipindi hichohicho. Kwa hiyo wafanyakazi Waafrika walikutana na baruti, mataruma, mabehewa na mitambo chini ya dola iliyokuwa na mfumo wa bima ya ajali uliotangulia wote duniani. Mfumo huo ulikuwa wa wafanyakazi wa Ujerumani kwenyewe. Haukumfuata mpagazi wala kibarua wa koloni.

Chini ya Waingereza, uhusiano wa kazi ulitawaliwa na Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923. Jina lake linaeleza falsafa yake. Mkataba wa kazi ulikuwa na adhabu za jinai. Mtumishi aliyetoroka kazi angeweza kushtakiwa kama mhalifu, ilhali madai yake dhidi ya bwana yalibaki kuwa ya madai ya kawaida. Katika muktadha huo, mwili wa mfanyakazi ulilindwa kama sehemu ya nguvukazi inayopaswa kulishwa na kutibiwa ili iendelee kufanya kazi. Haukulindwa kama chanzo cha kipato ambacho kupotea kwake kunapaswa kulipiwa.

Idara ya Kazi iliundwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde Browne. Ilianza kukagua mashamba, lakini ilivunjwa mwaka 1931 katika mdororo wa uchumi, ikarejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Kuvunjwa kwake kunaonesha jinsi ulinzi wa mfanyakazi ulivyochukuliwa kuwa gharama inayoweza kupunguzwa kwanza.

Mkonge ndio uliodhihirisha tatizo kwa uwazi zaidi. Vibarua wengi wa mashamba ya Tanga na Morogoro walikuwa manamba, walioandikishwa kutoka mikoa ya mbali ya magharibi na kusini-magharibi, na wengine kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wengi walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Majani ya mkonge yalisagwa katika mashine iliyojulikana kama korona, ambayo haikumsamehe aliyechelewa kuondoa mkono. Mfumo huu ulizalisha maswali matatu ambayo sheria yoyote ya fidia ingelazimika kuyajibu. Kwanza, mapato ya mtu anayelipwa kwa kipande yanahesabiwaje? Pili, wategemezi wa mtu aliyefia umbali wa mamia ya maili kutoka kwao watapatikanaje? Tatu, mwajiri wa manamba ni nani: shamba, au wakala aliyemwandikisha?

Nje ya Tanganyika, viwango vya kimataifa vilikwisha kuwekwa. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 12 wa mwaka 1921 kuhusu fidia katika kilimo, kisha Mikataba Na. 17, 18 na 19 ya mwaka 1925 kuhusu ajali, magonjwa yatokanayo na kazi, na usawa kati ya wafanyakazi raia na wageni. Mkataba Na. 17 uliweka kanuni kwamba fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu ilipwe kwa vipindi, na kwamba malipo ya mkupuo yaruhusiwe pale tu mamlaka inaporidhika kuwa yatatumika ipasavyo. India ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 1923. Tanganyika ilingoja karibu robo karne zaidi.

5.0 Sheria Iliyochelewa: Mwisho wa Miaka ya 1940

Kilichobadilisha mwelekeo wa serikali ya kikoloni kilikuwa hofu kuliko huruma. Mgomo wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935 na machafuko ya visiwa vya Karibi katika nusu ya pili ya muongo huo yaliifanya Ofisi ya Makoloni jijini London izihimize serikali zake zitunge sheria za kazi zinazofanana na za Uingereza. Dar es Salaam nayo ilishuhudia migomo ya makuli wa bandarini mwaka 1939, 1943 na 1947. Mgomo wa mwaka 1947 ulivuka bandari ukaenea katika miji mingine kupitia njia ya reli. Kuli ni mfano halisi wa mfanyakazi anayebeba hatari bila ulinzi. Aliajiriwa kwa siku. Kamba ikikatika na mzigo ukamwangukia, kesho yake hakuwa na mwajiri.

Ni katika mazingira hayo ambapo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 263 ya Sheria za Tanganyika, ilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kenya nayo ilipata sheria ya aina hiyo katika kipindi hichohicho. Kwa mfanyakazi aliyekuwa na bahati ya kuangukia ndani ya tafsiri yake, sheria hii ilileta mapinduzi ya kweli. Hakuhitaji tena kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea. Ilitosha kuonesha kuwa aliumia kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea wakati wa kazi. Wategemezi wa marehemu nao walitambuliwa.

Hata hivyo, tarehe yake inabeba kejeli ambayo haijapewa uzito unaostahili. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1946 Sheria ya Bima ya Taifa ya Majeraha ya Viwandani, iliyoanza kutumika tarehe 5 Julai 1948. Sheria hiyo iliufuta mfumo wa mwaka 1897. Dhima ya fidia iliondolewa kwa mwajiri mmojammoja na kuwekwa katika mfuko wa taifa uliochangiwa na waajiri, wafanyakazi na serikali. Mwaka huohuo wa 1948 kanuni ya ajira ya pamoja ilifutwa kwa sheria nyingine. Kwa maneno mengine, wakati Uingereza ilipokwisha kuamua kuwa mfumo wa dhima ya mwajiri mmoja umeshindwa, mfumo huo ndio uliokuwa ukipelekwa Tanganyika kama maendeleo.

Mtu anaweza kujibu kwamba koloni lenye uchumi mdogo na rekodi chache za ajira lisingeweza kuendesha mfuko wa taifa. Hoja hiyo ina uzito fulani, maana mfuko unahitaji orodha ya waajiri, mishahara inayojulikana na ofisi wilayani. Lakini haielezi kila kitu. Serikali iliyoweza kumfuatilia kila mwanamume mwenye nyumba ili alipe kodi, na iliyoruhusu waajiri wa mkonge kuunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua mwaka 1944, haikukosa uwezo wa kuwaunganisha waajiri haohao katika chama cha bima ya ajali. Waajiri waliungana kumtafuta kibarua. Hawakuunganishwa kumlipa alipoumia.

6.0 Shilingi Iliyoganda: Kutoka Uhuru hadi 2015

Baada ya uhuru, sera ya kazi ilibadilika haraka. Mfuko wa Akiba wa Taifa ulianzishwa mwaka 1964, na katika mwaka huo Sheria ya Usalama wa Ajira ilipunguza uwezo wa mwajiri kumfukuza mfanyakazi apendavyo. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, na mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Mwajiri mkubwa sasa alikuwa dola yenyewe. Katika hali hiyo, haja ya kurekebisha sheria ya fidia haikuonekana kuwa ya haraka, kwa kuwa iliaminika kwamba shirika la umma halitamtupa mfanyakazi wake.

Muundo wa Sura ya 263 ulibaki. Malipo yalikuwa ya mkupuo na yenye kikomo kilichotajwa kwa shilingi. Kikomo kilichobaki katika vitabu vya sheria hadi karne ya 21 kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Ili kuelewa maana ya tarakimu hizi, ni lazima zipimwe kwa thamani ya fedha ya wakati husika. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa takriban shilingi 17. Kwa kipimo hicho, shilingi 108,000 zingekuwa zaidi ya dola 6,000. Mwaka 2000, dola ilipofikia takriban shilingi 800, kiasi hichohicho kilikuwa dola 135. Mwaka 2015, kwa takriban shilingi 2,000, kilikuwa dola 54. Hakuna Bunge lililopiga kura kupunguza fidia. Ilitosha kutofanya lolote na kuuacha mfumuko wa bei ufanye kazi.

Ulinganisho na mishahara ni mkali zaidi. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 115,000 kwa mwezi katika viwanda na biashara, na shilingi 400,000 katika uchimbaji wa madini. Hivyo mfanyakazi wa kiwandani aliyelipwa mshahara wa chini kabisa alipata kwa mwezi mmoja zaidi ya kikomo cha fidia ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote. Kwa mchimbaji, uhai wenyewe ulikadiriwa chini ya robo ya mshahara wa mwezi. Mfumo ambao ungefungamanisha malipo na mshahara usingefika hapo, kwa kuwa mshahara unapopanda, fidia ingepanda nao.

Kasoro ya pili, yaani dhima ya mwajiri mmoja, ilijitokeza katika miaka ya 1990. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliundwa mwaka 1992, na mamia ya mashirika yakauzwa, kuunganishwa au kufilisiwa. Dhima inayokaa kwa mwajiri hufa pamoja na mwajiri, isipokuwa kama bima ilikatwa au mnunuzi aliirithi. Mfanyakazi wa shirika lililofilisika alijikuta kwenye foleni pamoja na mabenki na wadai wengine.

Njia nyingine zilikuwapo, lakini hazikumsaidia kila mtu. Mfanyakazi angeweza kumshtaki mwajiri kwa uzembe na kudai fidia isiyo na kikomo cha Sura ya 263. Njia hiyo ilimrudisha kwenye mzigo wa kuthibitisha kosa, gharama za wakili na miaka ya kungoja. Waajiri wakubwa waliwakatia wafanyakazi wao bima binafsi za ajali zenye malipo makubwa zaidi. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1997 ilitoa fao la kuumia kazini kwa wanachama wake. Matokeo yake yalikuwa mfumo wa matabaka: jeraha lilelile lilikuwa na thamani tofauti kulingana na jina la mwajiri na mfuko aliouchangia. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Katika kipindi hiki, tofauti kati ya kovu moja na jingine iliamuliwa na mkataba kuliko maumivu.

7.0 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 2008–2022

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ilifuta msingi wa zamani. Iliunda Mfuko unaochangiwa na waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Kati ya kutungwa kwa sheria na malipo ya kwanza ilipita miaka minane, na katika kipindi hicho viwango vya zamani viliendelea kuwatawala walioumia.

Mabadiliko ya kimuundo yalikuwa matatu. La kwanza ni kwamba mdaiwa alibadilika. Kufilisika kwa mwajiri hakumnyimi tena mfanyakazi haki yake, kwa sababu anayelipa ni Mfuko. La pili ni kwamba malipo yalifungamanishwa na mapato. Kwa ulemavu wa muda, mfanyakazi hulipwa asilimia 70 ya mapato yake kwa muda usiozidi miezi 24. Aliyekuwa akipata shilingi 400,000 kwa mwezi hupata shilingi 280,000 kila mwezi, kiasi ambacho kwa mwezi mmoja tu kinazidi mara mbili kikomo cha zamani cha ulemavu wa maisha. La tatu ni kwamba aina za mafao zilipanuka. Pamoja na matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, zipo huduma za utengemao, malipo ya msaidizi kwa aliyeumia vibaya, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Pensheni ya kila mwezi ndiyo iliyoirejesha Tanzania Bara kwenye kanuni ya mwaka 1925 ya malipo ya vipindi.

Upande wa michango una historia yake. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5. Julai 2021 kiwango cha sekta binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.6, na Julai 2022 kikawa asilimia 0.5, sawa na cha umma. Kwa mwajiri mwenye mishahara ya shilingi milioni 10 kwa mwezi, mchango ulishuka kutoka shilingi 100,000 hadi 50,000. Punguzo hili lilitetewa kama hatua ya kuboresha mazingira ya biashara, na mfuko wenye ukwasi unaweza kulimudu. Lakini linaibua hoja ya kihistoria. Vyama vya Ujerumani vya mwaka 1884 vilitoza kulingana na hatari, hivyo kiwanda chenye ajali nyingi kilihisi gharama yake. Kiwango kimoja kwa wote humfanya mwenye duka na mwenye mgodi wachangie kwa uwiano uleule. Dhima ikigawanywa bila kuzingatia hatari, majeruhi hulindwa, lakini mwajiri mzembe naye hupata hifadhi. Jukumu la kumzuia huachiwa wakaguzi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

8.0 Ulinganisho: Njia ya Kenya

Kenya ilianzia mahali palepale lakini ikapita njia nyingine. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ilifuta sheria ya kikoloni na kuweka malipo yanayofuata mshahara: kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, mapato ya miezi 96. Haikuunda mfuko wa taifa. Ilimlazimisha mwajiri kukata bima, ikampa Mkurugenzi wa afya na usalama kazini mamlaka ya kuamua madai, na ikamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani kudai fidia ya jeraha la kazini.

Kizuizi hicho ndicho kilichozua mgogoro. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikatangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume na Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilivirejesha vingi, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha kuwa utaratibu wa kupitia kwa Mkurugenzi ni halali. Kwa miaka 10 wafanyakazi wa Kenya walidai haki zao bila kujua kwa hakika mlango upi ni wa kisheria.

Ulinganisho huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, fidia isiyouliza kosa siku zote ni mapatano: mfanyakazi hupata uhakika na wepesi, na kwa upande wake huacha, kwa kiasi fulani, nafasi ya kudai zaidi mahakamani. Mapatano hayo yana uhalali pale tu malipo yanapokuwa ya maana. Mfanyakazi wa Tanzania Bara kabla ya mwaka 2015 alipewa nusu ya kwanza ya mapatano kwa bei ya shilingi 108,000. Pili, bima ya lazima kwa mwajiri mmojammoja inaendelea kumtegemea mwajiri atii sheria. Asipokata bima, aliyeumia hurudi palepale alipokuwa kuli wa mwaka 1947.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kuondolewa kwa sharti la kosa, jambo linalosifiwa mara nyingi kama ushindi mkuu katika historia ya fidia, hakukutosha. Tanganyika ilipata kanuni hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, na bado kwa zaidi ya nusu karne haki iliyotokana nayo ilipungua thamani mwaka hadi mwaka. Maswali mawili yanayoonekana ya kiufundi, yaani nani analipa na malipo yanapimwa kwa kipimo gani, ndiyo yaliyoamua iwapo mjane wa manamba au kijana aliyekatwa mkono angepata riziki au tarakimu tu. Sheria inayotaja haki kwa shilingi imeweka ndani yake tarehe ya kuifuta haki hiyo, hata kama tarehe hiyo haijaandikwa.

Mfuko umeyajibu maswali hayo mawili vizuri kuliko mfumo wowote uliotangulia. Hata hivyo, swali la tatu, lililokuwapo tangu enzi ya kipande, limebaki: nani ni mfanyakazi? Mfuko unamfikia aliye na mwajiri anayejulikana na mshahara ulioandikwa. Saidia fundi anayelipwa jioni, mchimbaji mdogo anayegawana mawe badala ya mshahara, na dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo wanabeba hatari zilezile, lakini uhusiano wao wa kazi hauna daftari. Huyu ndiye manamba wa leo.

Kutokana na matokeo haya, insha inapendekeza mambo matatu kwa watafiti na watunga sera. Mosi, viwango vya michango vichunguzwe upya ili vizingatie hatari ya kila shughuli, kama ilivyofanyika katika mfano wa awali wa Ujerumani. Pili, kiwango chochote cha mafao kinachotajwa kwa fedha taslimu kiambatane na utaratibu wa lazima wa kukirekebisha kulingana na mishahara. Tatu, historia ya madai ya fidia katika mahakama za wilaya na ofisi za kazi tangu miaka ya 1950 iandikwe kutokana na majalada yenyewe, kwa sababu matini za sheria zinaonesha kilichoahidiwa, na majalada ndiyo yanayoweza kuonesha kilicholipwa.